Mzee Akibadilika, Lawama ni ya Nani?



Liko swali ambalo halina budi kuulizwa katika kila nyumba yenye mzee. Mama aliyetulea, aliyekuwa mpole na mwenye hesabu sawasawa, afikapo miaka 70 na zaidi huenda akaanza kuwashuku watoto wake kwamba wamemwibia. Hutoka usiku asijue aendako. Humwita mjukuu kwa jina la ndugu aliyekufa zamani. Hutukana, naye maisha yake yote hakuwahi kutukana. Je, matendo hayo ni yake? Yapasa akaripiwe kama mtu atendaye mabaya kwa kusudi? Na sisi, je, deni letu kwake limebaki, au limeondoka pamoja na akili zake?

Watu hujibu kwa njia tatu. Wa kwanza husema, "Ni uzee tu," wakanyamaza. Wa pili husema, "Amerogwa." Wa tatu, nao ndio wa kuogopwa, husema, "Yeye mwenyewe ni mchawi. Mbona hutembea usiku na kusema peke yake?" Neno hili la mwisho si la mchezo. Katika nchi ya Usukuma, upande wa Shinyanga na Mwanza, wazee wengi, hasa wanawake, wameuawa kwa shutuma kama hiyo; na mara nyingi macho mekundu tu yalihesabiwa kuwa ushahidi, ingawa ni moshi wa jikoni uliyageuza kuwa mekundu. Nasi wa pwani, toka Kilwa Kivinje mpaka Lindi, tusijisifu. Shutuma huua hata pasipo panga. Mzee hutengwa, huwekewa chakula mlangoni, na watoto hukatazwa kumkaribia.

Basi kabla ya kuhukumu, yatupasa kujua yatendekayo mwilini.

Mwili umejengwa kwa vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, viitwavyo seli. Ndani ya seli karibu kila kazi hufanywa na protini. Tusidhani kwamba protini ni ile ya samaki na kunde tu. Ile tulayo huvunjwa tumboni vipande vipande, na seli hutengeneza zake kwa vipande hivyo. Kila protini huanza kama uzi mrefu, na mfano wake ni ukili. Mama husuka miyaa hata ikawa ukili mrefu, lakini ukili ulionyooka haumfai mtu kwa kulalia wala kwa kuchukulia kitu. Akiuzungusha na kuushona hivi, huwa mkeka. Akiushona vile, huwa kikapu. Miyaa ni ile ile, bali umbo ndilo lililotoa kazi. Vivyo hivyo uzi wa protini hujikunja na kujipinda mpaka upate umbo lake, na kwa umbo hilo huweza kazi yake. Christian Anfinsen wa Marekani alionyesha ya kuwa maagizo ya kukunja yamo katika uzi wenyewe, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1972. Mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper walishiriki tuzo hiyo kwa sababu waliifanya kompyuta iweze kubashiri umbo la protini kwa kuusoma uzi wake tu.

Lakini ukunjaji huweza kuharibika. Tazama ute wa yai. Ukiwa mbichi ni mwangavu. Ukiupasha moto huwa mweupe na mgumu, wala haurudi hata ukipoa. Hakuna kilichoongezwa. Ni protini zake zilizokunjuka na moto, zikashikana ovyo. Mwilini hatari hiyo ipo kila siku, hata pasipo moto mkali. Ndiyo maana seli ina wasaidizi, nao ni protini pia, ambao husimama karibu na uzi mpya ili usishikane na mwingine kabla ya kumaliza kujikunja. Wasaidizi hao walianza kujulikana kwa bahati. Mwitalia Ferruccio Ritossa aliwafuga nzi wadogo wa matunda, na mtu mmoja akaongeza joto la kabati lao bila kumwambia. Ndipo Ritossa akaona seli zao zimeamsha kazi mpya. Alitangaza habari hiyo mwaka 1962. Tena seli ina wafagiaji, ambao huzivunja protini zilizoharibika na kuzitumia upya. Kwa kuchunguza namna moja ya kazi hiyo, Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata tuzo ya Nobel mwaka 2016.

Sasa tufike kwenye uzee. Mtu mzee hakuanza kuharibika alipozeeka, kwa maana protini huharibika tangu utotoni. Tofauti ni kwamba wasaidizi na wafagiaji hupungua nguvu, na takataka huzidi kuondolewa kwake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfano tunao Kilwa Kisiwani. Jengo la mawe na chokaa husimama karne nyingi maadamu wako wa kulitengeneza. Mikono ikiondoka, mvua, mizizi na bahari hufanya kazi yao. Magofu yale yalitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini mwaka 2004; yakashughulikiwa, hata yakaondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Mawe yalikuwa ni yale yale ya kale, bali matengenezo ndiyo yaliyorudi.

Mfano ulio karibu zaidi ni mtoto wa jicho. Katikati ya lenzi ya jicho zimo protini zilizotengenezwa tangu tumboni mwa mama, wala hazibadilishwi mpaka kufa. Moja yao ina kazi ya msaidizi, huzizuia nyingine zisishikane. Miaka inapopita, nguvu ya msaidizi huyo huisha, protini hushikana, na lenzi huwa nyeupe kama ule ute wa yai. Hakuna mtu mwenye akili amwambiaye mzee, "Umepofuka kwa ukaidi." Twajua ni ugonjwa, na twajua dawa yake ni kupasuliwa na kuwekewa lenzi nyingine, kazi ambayo Harold Ridley aliianza London mwaka 1949.

Yatokeayo katika jicho yana ndugu yake katika ubongo. Mwaka 1901 daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani alimpokea mwanamke wa miaka 51, jina lake Auguste Deter, aliyesahau mambo na kumshuku mumewe. Alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake, akaona madoa nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Baadaye ilijulikana kwamba vitu hivyo ni protini zilizokunjwa vibaya na kushikamana. Mwaka 1997 ilionekana kwamba hata ugonjwa wa kutetemeka, alioueleza James Parkinson mwaka 1817, una protini yake ya namna hiyo. Wataalamu bado hushindana juu ya sehemu ya mabonge hayo katika kuua seli. Dawa ya lecanemab, iliyopata kibali kamili Marekani mwaka 2023, huondoa sehemu ya madoa na kupunguza kidogo mwendo wa ugonjwa, hairudishi kilichopotea.

Wala mtu asiseme kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wachunguzi waliwapima wazee 1198 wa miaka 70 na zaidi; habari yao ilitangazwa mwaka 2013, nayo ilionyesha ya kuwa wapata 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa kupotewa na akili. Na watu wa huko walipoulizwa sababu yake, wako waliosema ni uzee, na wako waliotaja laana na uchawi. Majibu ya Hai ni yale yale ya kwetu.

Basi turudi kwenye swali. Kama tusivyomlaumu mzee kwa jicho lake, kwa nini tumlaumu kwa ubongo wake? Sababu ni kwamba jicho halitutukani. Ugonjwa wa jicho twauona, bali ugonjwa huu husema nasi kwa sauti ya mama yetu, nasi twadhani ni mama asemaye.

Mtu aweza kupinga akisema, "Kama hasira ya mzee ni kazi ya protini, na hasira yangu ni kazi ya protini pia. Basi hakuna mwenye kosa duniani." Hoja hii yafaa kujibiwa. Kweli, kila tendo lina mwili nyuma yake. Lakini lawama ina kusudi: humwendea mtu awezaye kulisikia onyo, kulishika, na kesho kutenda mengine. Wewe ukionywa waweza kugeuka. Mzee huyu akionywa asubuhi, adhuhuri hana kumbukumbu ya onyo. Amebaki na uchungu wa kukaripiwa tu. Kumlaumu ni kudai malipo kwa mtu aliyenyang'anywa mfuko. Wewe mfuko unao, hivyo lawama ya kumtendea vibaya yakuangukia wewe.

Mwingine atasema, "Huyu si mama yangu tena, mama amekwisha ondoka." Nasikia uchungu wa neno hili, ila si kweli. Mtoto mchanga hajijui jina, wala hamjui mamaye kwa jina, naye ni mtu kamili, kwa kuwa wako wanaomjua na kumshika. Yeye alikubeba wewe ulipokuwa hujui kitu. Sasa kumbukumbu zake zimewekwa kwako kama amana. Amri ya nne, ituagizayo kuwaheshimu wazazi, haikuweka sharti kwamba wazazi watukumbuke.

Lakini heshima isiyo na kazi ni maneno matupu. Kwanza, tusikimbilie kusema ni ugonjwa usio na dawa. Mzee aliyechanganyikiwa kwa ghafula huenda ana malaria, au sukari imeshuka, au hasikii vema, au ana huzuni ya kufiwa. Apelekwe hospitali kwanza. Pili, tusishindane naye juu ya yasiyokuwapo. Kumtuliza kwafaa kuliko kumshinda. Tatu, mzigo huu usiachwe juu ya binti mmoja, kama ilivyo desturi, huku kaka zake wakija siku ya mazishi na hotuba nzuri. Ukoo wote ugawane zamu na gharama. Nne, ninyi walimu, mkisikia neno "mchawi" likitajwa juu ya mzee, msingoje likue. Nendeni nyumbani kwake mchana kweupe, mketi naye barazani, mle naye, watu wote wakiona.

Nasi tunaosoma haya tutazeeka, Mungu akitujalia siku. Wafagiaji walio ndani yetu wameanza kuchoka tayari. Jinsi tunavyomtendea mzee wetu leo, watoto wanatazama na kujifunza, na siku moja watatutendea vivyo hivyo.