Engaruka kwa Mwendo wa Taratibu

Wageni wengi wapitao mji wa Karatu kwenda kutazama kreta ya Ngorongoro hawafikirii kwamba upande wa pili wa nyanda za juu za Ngorongoro, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, yapo magofu ya Engaruka, yaani mabaki ya vijiji vya wakulima waliokaa hapo tangu karne ya 15 hivi hadi karne ya 18. Mashamba yao, yaliyogawanywa kwa kuta fupi za mawe, yalienea takriban hekta 2,000 na kunyweshwa kwa mifereji iliyochepusha vijito vishukavyo mlimani, ndipo mtama ukastawi katika nchi ya mvua haba. Mtafiti Louis Leakey, aliyefika mwaka 1935, alikadiria wakazi makumi ya maelfu, kadirio ambalo wanaakiolojia, yaani wachunguzi wa masalia ya kale, walilipunguza baadaye. Apitaye haraka huona marundo ya mawe tu. Bali atembeaye polepole, akiufuata mfereji mmoja kutoka kijitoni, hutambua jinsi kuta zilivyonasa udongo ulioletwa na maji hata baadhi ya mashamba yakajengeka juu yake, na ustadi huo mkubwa unastahili kutengewa siku nzima.