Nyuma ya Mwezi

Mwezi wa kwanza nilihubiri juu ya Abrahamu, jinsi alivyoondoka kwao bila kujua anakoenda. Mnakumbuka nilivyopaza sauti: "Ruka! Mungu atakudaka!" Kanisa zima likasimama. Jumatatu ndugu mmoja akaandika barua ya kuacha kazi. Hakuwa na akiba wala mpango. Mwezi wa nne mwenye nyumba akaweka kufuli mlangoni, watoto wakiwa nje. Nilipoenda kumwona aliniuliza kwa upole, "Pastor, si ni wewe ulisema turuke?"

Niliishiwa na maneno. Mimi nilisomea biashara. Mtu akiniletea mpango kama ule ili nimsaidie kupata mkopo, ningemwambia arudi kwanza akapige hesabu. Lakini kwenye mimbari nilisahau hesabu zote, nikaita hiyo imani.

Vijana wamenisikia mara nyingi nikitoa mfano wa Apollo 8, chombo kilichowapeleka watu kuuzunguka mwezi kwa mara ya kwanza, Desemba 1968. Frank Borman, Jim Lovell na Bill Anders. Huwa nakimbilia pale waliposoma Mwanzo sura ya 1 mkesha wa Krismasi, dunia nzima ikisikiliza, halafu nasema, "Hiyo ndiyo imani!" Kuna mambo nimekuwa nikiyaruka.

Roketi yao ilikuwa imerushwa mara mbili tu, bila watu ndani, na mara ya pili injini mbili zilizimika kabla ya wakati. Wataalamu hawakusema tuamini tu. Walitafuta shida mpaka wakaipata. Hata hivyo lilibaki jambo moja ambalo hesabu haikuweza kulimaliza: ili warudi nyumbani, ilibidi wawashe injini moja, isiyo na ya akiba, wakiwa nyuma ya mwezi ambako redio haifiki. Ikikataa kuwaka, basi. Hapo ndipo ujasiri wao ulipopimwa.

Na wale waliowatuma, kule Houston? Hakuna aliyefunga ofisi. Walikaa macho usiku ule, wakiita na kuita, mpaka sauti ya Lovell ikarudi.

Mimi baada ya ibada ile nilienda kula chakula cha mchana.

Najua kuna atakayesema, Pastor, unaua imani, mbona Petro hakupiga hesabu kabla ya kukanyaga maji? Ni kweli. Lakini Petro aliomba aitwe kwanza, na aliyemwita alikuwa karibu kiasi cha kumshika mkono alipoanza kuzama. Abrahamu naye hakujua njia, ila alimjua aliyemwita. Ndugu yetu sikumuuliza kama sauti aliyoisikia ilikuwa ya Mungu ama ya maikrofoni yangu. Nimemwomba msamaha nyumbani kwake, na leo naomba mbele yenu.

Sitaacha kuhubiri Waebrania 11. Wengine hapa Mungu anawaita kweli mahali wasipopajua, na wataogopa, na itabidi waende. Ukisikia hivyo, njoo tukae kabla hujaandika barua. Ukishaenda, nambari yangu unayo.

Ndugu yule sasa anauza viatu vya mitumba karibu na steji. Kila Jumanne jioni tunafungua daftari lake pamoja. Wiki iliyopita zilipungua shilingi 1,400, na bado tunatafuta zilikoenda.