Dhahiri ni Ipi? Vijana wa Panki wa Malaysia na Mpaka wa Kukataza Maovu

Fiqhi ya Kiislamu ina kanuni ambayo kila aliyesoma madrasa huifahamu: binadamu huhukumu kwa yaliyo dhahiri, na yaliyomo vifuani humwachia Mungu. Kanuni hiyo hutajwa kwa wepesi kama jambo lisilo na mjadala, lakini ugumu wake hujitokeza pale tunapouliza dhahiri yenyewe ni ipi. Je, ni nguo, nywele na kelele, au ni matendo? Swali hili nalitazama kupitia Malaysia, nchi ambayo Waislamu wake wengi hufuata madhehebu ya Shafii, yale yale ya Lamu, Unguja na Ngazija, na ambako kwa zaidi ya miaka 30 vijana wa muziki wa panki wamehukumiwa kwa sura zao. Hoja yangu ni kwamba hukumu hiyo imekosea kwa mizani ya dini yenyewe, kabla hata hatujafika kwenye haki za binadamu au katiba. Imeita dhana kuwa ni dhahiri, na dhahiri halisi, iliyowekwa mezani mchana kweupe, ikaiacha bila kuisoma.

Mifano ya hukumu hiyo haina shida kupatikana. Mwaka 1992 waziri wa habari, Mohamed Rahmat, alizuia wanamuziki wa rock wenye nywele ndefu wasionekane kwenye televisheni ya taifa, na Amy, mwimbaji wa bendi maarufu ya Search, akakatwa nywele hadharani. Search walikuwa na jina na soko la kupoteza. Vijana wa panki, ambao televisheni haikuwahi kuwataka, walifikiwa kwa njia nyingine. Mwaka 2001, hofu ya black metal, aina ya muziki mzito wa rock, ilipovuma, wanafunzi katika jimbo la Kedah walikaguliwa miili kutafutwa alama za ushetani. Usiku wa kuamkia mwaka 2006, ukumbi wa Paul's Place jijini Kuala Lumpur ulivamiwa, mamia ya vijana wakazolewa, na habari zikaandikwa kana kwamba ilikuwa ibada ya shetani. Muda mfupi baadaye Baraza la Taifa la Fatwa likatangaza kuwa black metal ni haramu. Agosti 28, 2015, mkesha wa maandamano ya Bersih 4 ya kudai uchaguzi safi, polisi waliingia Rumah Api, ukumbi mdogo wa panki huko Ampang, wakakamata watu zaidi ya 150, wakiwamo wageni kutoka nchi nyingine, na wengi wakalala rumande siku kadhaa. Ng'ambo ya mlangobahari wa Malaka, huko Aceh, Desemba 2011, zaidi ya vijana 60 walikamatwa kwenye shoo ya panki iliyoandaliwa kuchangisha fedha za mayatima. Walinyolewa vichwa, wakazamishwa ziwani ili watakasike, wakawekwa kwenye mafunzo ya kurekebishwa tabia. Pesa za mayatima zilikuwa tendo na viduku vya nywele zao vilikuwa sura. Kilichowashughulisha wakubwa wa Banda Aceh ni viduku.

Kwa Mmalay jambo hili lina uzito wa pekee. Ibara ya 160 ya Katiba ya Malaysia inamtambua Mmalay kuwa ni mtu anayeshika dini ya Kiislamu. Kwenye shoo moja wanaweza kusimama kijana wa Kichina na wa Kihindi wasio Waislamu, pamoja na wa Kimalay, wote wamevaa koti lile lile lenye vishikizo vya chuma. Mahakama za sharia na maofisa wa dini wana mamlaka juu ya huyo wa tatu peke yake. Nywele zake zinakuwa habari ya imani, tena habari ya serikali, ilhali za mwenzake ni nywele tu.

Tuitazame sasa ile meza ambayo haikosekani kwenye shoo za panki. Juu yake kuna kaseti, santuri ndogo, fulana na vijarida vilivyodurufiwa kwa fotokopi. Hapa ndipo dhahiri ilipo, na inastahili kusomwa polepole. Chini ya sheria ya uchapishaji ya mwaka 1984, mtambo wa kuchapa magazeti nchini Malaysia huhitaji kibali cha serikali. Kijarida cha fotokopi kilipita chini ya uzio huo. Joe Kidd, mpiga gitaa wa Carburetor Dung, bendi iliyoanza mwaka 1991, alijulikana kwanza kwa kijarida chake cha Aedes, na baadaye kwa duka la Ricecooker ambako bendi za andagraundi zilipata pa kuuzia. Utaratibu wa kutoa albamu bila kampuni ni huu. Bendi hurekodi kwenye studio ndogo. Lebo tatu au nne, pengine kila moja kwenye nchi yake, huchangia gharama, na kila moja hupokea nakala kulingana na mchango wake. Nakala hizo hubadilishwa kwa nakala za bendi nyingine, kaseti kwa kaseti, kutoka Kuala Lumpur hadi Jakarta, Singapore, Tokyo na Berlin. Bei huwekwa karibu na gharama, na kinachobaki huenda kwenye toleo linalofuata. Mara nyingi hakuna mkataba wa maandishi. Kwa miaka mingi fedha zilitiwa ndani ya bahasha na kutumwa kwa mtu ambaye mtumaji hajamwona uso, na mzigo ukaja. Aliyekula fedha za wenzake aliandikwa kwenye vijarida, na mlango ukafungwa kwake.

Mwanafiqhi akiyachunguza hayo atayatambua. Kuna ushirika, kuna amana, kuna kulipa deni, kuna faida isiyomkamua mnunuzi. Hayo si mapambo ya pembeni ya uchamungu. Milango ya biashara katika vitabu vya fiqhi ni mirefu kwa sababu dini inaamini kuwa mtu hujulikana anaposhika mali ya mwenzake. Ongeza kwamba kutoka mduara huo huo wa vijana kulizuka kundi la Food Not Bombs la Kuala Lumpur, linalopika na kugawa chakula bure kwa wasio na makazi. Mwaka 2014 waziri aliyesimamia mji mkuu, Tengku Adnan Mansor, alitaka wagawaji wa chakula cha hisani waondoke ndani ya kilomita 2 za eneo la maduka la Bukit Bintang. Mwenye kuuliza ni nani kati ya waziri na hao vijana aliyesimama karibu zaidi na sura ya Al-Maun, inayomlaumu asiyehimiza kulishwa maskini, ana haki ya kuuliza.

Sheikh mmoja atanijibu kwamba wema huo hauondoi wajibu wa kukataza maovu. Kweli, hauondoi. Lakini wajibu huo una masharti, na aliyeyaeleza kwa ukamilifu ni Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye ni mojawapo ya nguzo za Washafii. Katika Ihya Ulum al-Din anasema jambo linalokatazwa lazima liwe ovu, liwe linatendeka sasa, lionekane bila upelelezi, na uovu wake usiwe suala la ijtihadi ambalo wanazuoni wanatofautiana kulihusu. Anasimulia habari ya Khalifa Umar aliyepanda ukuta akamkuta mtu katika maasi ndani ya nyumba yake. Mtu yule akamjibu kwamba ikiwa yeye ameasi mara moja, Khalifa ameasi mara tatu: amepeleleza, ameingia pasipo mlango, na hakutoa salamu. Umar alimwacha baada ya kumtaka atubu. Naona kisa hiki ni kizito kuliko risala nyingi, maana kinamweka kiongozi mwadilifu kuliko wote mahali pa mshitakiwa. Mwanafunzi wa Kedah aliyevuliwa shati ili mgongo wake utafutwe alama alifanyiwa upelelezi hasa ambao sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, inaukataza sambamba na dhana mbaya.

Pingamizi gumu zaidi linatoka kwa Ghazali mwenyewe. Anasema pia kwamba sauti za ala na za walevi zikivuka kuta hadi zikasikika nje, uovu umekuwa dhahiri na inaruhusiwa kuingia. Gitaa la panki linasikika mitaa miwili. Na kiduku nacho hakihitaji upelelezi: kuna hadithi sahihi inayokataza kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu. Sitaki kulikwepa pingamizi hili. Kuhusu kiduku, Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake vinasomwa jimboni Kelantan kama vinavyosomwa Zanzibar, alisema ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza lakini si haramu. Makuruhu haimwagizii mtu polisi, wala haimhalalishii afisa mkasi na ziwa. Kuhusu ala, Ghazali alizikataza zile zilizokuwa alama ya vikao vya pombe, na wakati huo huo akaandika mlango mzima wa kutetea usikilizaji wa nyimbo. Sababu ikiwa ni ushirika wa ala na ulevi, basi hukumu inategemea mazoea ya jamii, na katika Malaysia gitaa la umeme linapigwa kila siku kwenye redio na televisheni za serikali. Dola haiwezi kulipokea gitaa studio na kuliita ovu huko Ampang. Kinachobaki ni haki ya jirani kulala. Hiyo ni haki ya kweli, na inatimizwa kwa saa za kufunga na kuta za kuzuia sauti.

Wengine watasema kwamba vijana hawa wamejitakia. Aliyechagua minyororo na fulana yenye fuvu amechagua kutisha, na asilalamike akiogopwa. Hapa kuna ukweli kiasi, kwa kuwa vazi husema jambo. Lakini Uislamu una historia ndefu ya watu waliotafuta kulaumiwa kwa makusudi. Huko Nishapur, karne ya 9, Wamalamati wa Hamdun al-Qassar waliuficha uchaji wao na kukubali lawama za watu, wakihofia kwamba sifa zingeharibu ikhlasi. Karne ya 13, kuanzia Damascus, makalandari walinyoa nywele, ndevu, masharubu na nyusi, wakazunguka na vyuma mwilini, na wanafiqhi wakawapigia kelele. Sidai kwamba mpiga ngoma wa Kuala Lumpur ni walii, na baadhi ya makalandari walistahili lawama walizopewa. Ninachosema ni kwamba mapokeo yetu yanajua muda mrefu kuwa sura ya kuchukiza yaweza kubeba nia njema, mbaya, au ya kitoto tu. Ishara yenye maana tatu haiwezi kuwa ushahidi wa mojawapo. Usama bin Zayd alipomuua mtu aliyekwisha kutamka shahada, akadai kwamba aliitamka kwa hofu ya upanga, Mtume alimuuliza kama aliupasua moyo wa yule mtu akajua. Swali hilo lililomfaa sahaba linamfaa pia afisa wa dini mbele ya koti la ngozi.

Kuhusu hoja kwamba panki ni uchafu wa Magharibi ulioletwa kuharibu utamaduni wa Kimalay, jibu ni fupi. Katika miaka ya 1990 serikali ya chama cha Kiislamu cha PAS huko Kelantan ilipiga marufuku mak yong, tamthilia ya kale ya Wamalay ambayo mwaka 2005 ilitangazwa na UNESCO kuwa kazi bora ya urithi simulizi na usioshikika wa binadamu. Hakuna chochote cha Magharibi ndani ya mak yong. Ugeni, basi, haukuwa shida.

Mwenye kunisoma kwa makini atahisi kwamba nimewavisha vijana hawa kanzu wasiyoiomba. Wamo kati yao wanaoukataa utawala wa aina yoyote na hata dini, na wamo wanywaji. Wamo pia wanaofuata msimamo wa kujiepusha na pombe, sigara na mihadarati, ambao bendi ya Second Combat iliubeba waziwazi; hawa hawakuhitaji faini ya mahakama ili kuacha kileo. Sihitaji kudai kwamba wote ni wachamungu, na hoja yangu isingekuwa na maana kama ingetegemea hilo. Anayekunywa hadharani ahukumiwe kwa kunywa, kwa ushahidi, yeye peke yake. Aliyeacha kuamini haongozwi kwa kunyolewa. Kinachopatikana ni mtu anayeinama kwa hofu, na Qurani inawaweka wanafiki mahali pabaya kuliko makafiri. Dola inayozalisha unafiki ili ipate safu zilizonyooka inaidhuru dini inayodai kuilinda, na madhara hayo ni makubwa kuliko ya shoo yoyote ya Jumamosi usiku.

Kwa hiyo ombi langu linawaendea wenye kutoa fatwa na wenye kuzitekeleza, Kuala Lumpur na kwingineko wanakosoma vitabu vile vile. Kabla ya kuandika neno haramu juu ya kundi la vijana, nendeni kwenye meza yao. Ulizeni kaseti iligharimu kiasi gani na inauzwa kiasi gani, aliyetuma fedha kutoka Jakarta alipata mzigo wake au hakupata, na mapato ya jana usiku yamekwenda wapi. Majibu hayo yanaweza kuthibitishwa, na yakionyesha dhuluma, hukumuni kwa dhuluma hiyo. Nywele ziacheni.