Aliyelipia Kitanda

Ndugu msomaji, nikuulize swali kabla hatujafika mbali: ukimkaribisha mtu chakula kilichomo katika sahani ya mwenzio, sifa ya ukarimu ni ya nani?

Swali hili halikunijia kitabuni. Mimi chuo kikuu sijasoma; nilimaliza kidato cha sita, alama zikagoma. Lakini nimelala chuo kikuu wiki saba. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, nami nilikuja mjini kutafuta kibarua nikiwa na begi moja na daftari la kaunta lenye riwaya yangu. "Dogo, usihofu, nitakubeba," akaniambia. Kubebana, kwa asiyejua, ni mwenye kitanda kumlaza asiye na kitanda. Desturi hiyo imezaliwa na uhaba. Hata Mlimani, ambako mwaka 2017 yalifunguliwa mabweni mapya ya wanafunzi 3,840, wanafunzi ni wengi kuliko vitanda.

Chumba chetu kilikuwa cha watu wanne. Tulilala saba. Na nikwambie ukweli, sijapata kuona udugu kama ule. Bumu likitoka tunakula chipsi mayai. Likikata, sufuria moja ya wali na maharage inatuzunguka sote na hakuna anayeuliza nani kachangia nini. Mwenye desa alilitoa. Aliyepata supu alifundishwa na wenzake hadi usiku wa manane. Jioni kulikuwa na mazoezi ya ngoma nje ya bweni, Msukuma akijifunza sindimba kwa Mmakonde, mimi nikipiga debe.

Mmoja tu hakuingia katika duara. Tulimwita Mzee wa Kanuni. Alikuwa amelipia kitanda chake kihalali, ana mtihani wa kurudia, na hakuweza kusoma huku watu wanapiga soga hadi saa nane za usiku. Kufundishwa na sisi hakutaka. Alitaka kimya tu. Siku moja aliniuliza taratibu, "Mdogo wangu, unatarajia kuondoka lini?" Nilikasirika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa siku ya ishirini na jembe sijaligusa, lakini eti mchoyo alikuwa yeye.

Ukafika usiku wa utamaduni. Kila bweni lilete ngoma, mashairi na igizo. Kaka akasema, "Si tuna mwandishi humu? Dogo, tuandikie." Nikaandika. Nikamweka jukwaani mtu anayehesabu ndoo zake tano za maji alfajiri, na kila mgeni anayeoga anamwandika kwenye daftari la madeni. Watu walivunjika mbavu. Mwenyewe alikuwa amekaa safu ya tatu. Alicheka, akapiga makofi kama wenzake. Kesho yake akaniambia, "Umeandika vizuri. Ila ndoo zangu zilikuwa mbili, si tano. Na moja ulikuwa unaoga wewe." Wiki ile ile akahama chumba.

Utaniambia ulikuwa utani. Nami nilijitetea hivyo. Lakini hebu tuutazame utani wenyewe jinsi wazee wetu walivyouweka. Mtani anakutania usoni, nawe una haki ya kumrudishia. Tena siku ya msiba, mtani huyo huyo ndiye anayekuja kufanya kazi. Ni deni la pande mbili. Kejeli haina deni. Pale Mlimani, kwa miaka mingi, palikuwa na Mzee Punch: maandishi na michoro iliyobandikwa ukutani kuwadhihaki wanafunzi, hasa wa kike, na mwandishi hajulikani. Wengi walicheka. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kuandamwa, na Punch ikapigwa marufuku. Je, nalinganisha igizo langu na kifo cha mtu? La hasha. Nasema mbegu ni moja: kicheko cha wengi juu ya mtu asiyepewa nafasi ya kujibu.

Basi udugu wa bweni ni uongo? Hapana. Wali ule ulikuwa wa kweli, na kaka alinigawia nusu ya godoro lake. Hiyo ilikuwa yake kugawa. Lakini usingizi wa Mzee wa Kanuni, maji yake na mtihani wake havikuwa vya kaka wala vyangu. Tulivigawa bila kumwuliza, kisha tukamwita mchoyo kwa sababu alithubutu kuona. Na kundi linalopendana hufanya hivyo kirahisi kuliko genge la wezi, maana wezi wanajua kwamba wanaiba.

Sisi tunaotaka kuandika tuna kosa letu la ziada: jukwaa tunalo kila siku. Ile riwaya bado naiandika, na Mzee wa Kanuni yumo. Safari hii ndoo ni mbili, na nimempa maneno mengi ya kujitetea. Lakini maneno hayo nayo nimeyatunga mimi. Mwenyewe sijamtafuta. Namba yake ninayo.