Je, Tufani ni Mapenzi ya Mungu Tu?

Kila mwaka, hasa tangu Juni hata Desemba, watu wa Ufilipino huishi wakiitazama bahari kwa hofu. Nchi hiyo ya visiwa zaidi ya 7,600 imekaa katika njia ya tufani zizaliwazo juu ya maji ya joto ya Bahari ya Pasifiki, na kwa kawaida tufani zipatazo 20 huingia katika eneo lake kila mwaka. Walio wengi huko ni Wakatoliki, na baada ya msiba husikika neno tulisemalo hata sisi: ni mapenzi ya Mungu. Je, neno hilo latosha?

Kweli, upepo hauamriwi na mwanadamu. Lakini yatupasa kutofautisha upepo na mauti. Tarehe 8 Novemba 2013 tufani Haiyan, ambayo Wafilipino waliiita Yolanda, iliipiga nchi yao kwa upepo uliopita kilometa 300 kwa saa. Watu zaidi ya 6,000 walikufa, na wengi wao waliuawa na maji. Upepo uliisukuma bahari katika ghuba ya San Pedro, ikapanda juu ya mji wa Tacloban kwa kimo cha mita 5 na zaidi.

Wala si kwamba hawakuonywa. Wataalamu walitangaza mapema kwamba bahari ingepanda. Ila walitumia jina la kitaalamu la Kiingereza, ambalo wengi hawakulielewa. Baadhi ya walionusurika walisema baadaye kwamba kama wangaliambiwa maji yatakuja mfano wa tsunami, wangalikimbia. Tena maskini walikuwa wamejenga vibanda ukingoni mwa pwani, si kwa kupenda hatari, bali kwa kuwa hapo ndipo walipopata mahali na riziki.

Tufani hiyo hiyo ilikipitia kisiwa kidogo cha Tulang Diyot, mkoani Cebu, ikabomoa nyumba zake karibu zote. Lakini katika wakazi wake wapatao 1,000 hakufa hata mmoja, maana wote walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Watu wa wilaya ile walikuwa wamezoezwa kwa miaka kujipanga mtaa kwa mtaa, na amri ya kuondoka ilipokuja waliitii.

Wako wasemao kwamba maskini ni wakaidi, hawataki kuhama. Lakini mvuvi aachaye mashua yake aacha chakula cha watoto wake. Amwambiaye akimbie hana budi pia kumwonyesha pa kukimbilia, na kumwahidi msaada arudipo.

Wahenga walisema: tahadhari kabla ya hatari. Tahadhari hiyo ni deni la mwenye elimu kwa asiye nayo, na la mwenye mali kwa maskini. Kumwachia Mungu yaliyo yake ni imani. Kumwachia yaliyo juu yetu ni uvivu, na uvivu huo hulipiwa kwa roho za watu wengine.