Injini ya ndege: Ni fahari au ni faradhi?

Novemba 2022 Shirika la Ndege la Tanzania liliwatangazia abiria wake kwamba baadhi ya ndege zake aina ya Airbus A220-300 zimesimama kwa sababu ya tatizo la injini, na kwamba safari zitapungua. Ndege zenyewe hazikuwa kuukuu. Ya kwanza ya aina hiyo tuliipokea Desemba 2018, kwa hotuba na shangwe. Marubani walikuwepo, mafuta yalikuwepo, abiria wenye tiketi walikuwepo. Kilichokosekana ni injini. Na injini hizo hutengenezwa na kampuni ya Pratt & Whitney ya Marekani, hivyo zinapougua huna budi kusubiri zamu yako kwa wenyewe.

Wala hatukuonewa. Mashirika ya Uswisi, Latvia na Misri yenye ndege za aina hiyo nayo yalitaabika. Hata mafundi wenyewe waliteleza: mwaka 2023 kampuni mama ya Pratt & Whitney ilitangaza kwamba unga wa metali uliotumika katika baadhi ya injini za ukoo huohuo ulikuwa na uchafu mdogo mno, na mamia ya ndege duniani zikalazimika kushushwa injini zikaguliwe. Lakini kuna tofauti kati ya mgonjwa ambaye ndugu yake ni tabibu na mgonjwa asiyejua hata jina la ugonjwa wake. Wote wanaumwa, ila mmoja anauliza na kujibiwa, mwingine anasubiri tu.

Suala ninalotaka tulitafakari, ndugu msomaji, ni hili: Je, nchi changa kujaribu kutengeneza injini yake ya ndege ni wajibu, au ni fahari na israfu?

Hapa Nakapanya, wilayani Tunduru, nimewasikia watu wa pande zote mbili. Wapo wanaosema zahanati haina dawa, darasa halina madawati, injini ya ndege ya nini? Anayenunua shati sokoni hana dhambi kwa kutojua kufuma. Na wapo wanaosema taifa lisilotengeneza chake ni mtumwa hata likiwa na bendera. Kila upande una ukweli ndani yake, na ndiyo maana haifai kulijibu jambo hili kwa jazba.

Kwanza tukubali kwamba kazi yenyewe ni nzito kuliko wengi wetu tunavyodhani. Ndani ya injini ya ndege kubwa kuna vipande mithili ya mapanga madogo vinavyozunguka maelfu ya mara kwa dakika, katika moto ambao joto lake linazidi kiwango cha kuyeyusha metali iliyovitengeneza. Haviyeyuki kwa sababu vimesubiwa kwa namna ambayo kila kimoja ni fuwele moja, vimetobolewa vijitundu vya kupitisha hewa ya kupooza, na vimepakwa ngozi ya kuzuia joto. Nchi zinazoweza kufanya kazi hiyo mwanzo hadi mwisho zinahesabika, zikiwemo Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi na China. Hata Ujerumani na Japani, pamoja na viwanda vyao vyote, mara nyingi huchangia sehemu za injini katika ubia na wenzao.

Sasa tuwatazame waliojaribu. Misri ya Gamal Abdel Nasser iliunda ndege ya kivita ya HA-300, iliyobuniwa na Mjerumani Willy Messerschmitt, na injini yake, E-300, ikasimamiwa na Ferdinand Brandner kutoka Austria. Ndege iliruka kwa mara ya kwanza Machi 1964 pale Helwan. India nayo ilikuwa na ndege yake, Marut, iliyoruka mwaka 1961 lakini ikiwa na injini dhaifu isiyolingana na umbo lake. Nchi hizi mbili zikashirikiana, India ikapeleka Marut moja Misri ili kuijaribia injini ile. Mwaka 1969 Misri ikafuta mradi wote. Fedha zilikuwa zimepungua, vita vya 1967 vilikuwa vimepita, na wale wataalamu wa kigeni wakaondoka. Elimu kubwa ilikuwa vichwani mwa wageni, na mgeni akiondoka huondoka na mzigo wake.

India haikukata tamaa. Mwaka 1989 serikali yake iliidhinisha injini iitwayo Kaveri, itengenezwe Bengaluru kwa ajili ya ndege ya Tejas. Miaka ikapita. Tejas iliruka Januari 2001 kwa injini ya Kimarekani, na mwaka 2008 Kaveri ikaondolewa rasmi katika mpango wa ndege hiyo kwa sababu msukumo wake haukutosha na uzito ulizidi. Matokeo yake yakaonekana baadaye: mwaka 2021 India iliagiza Tejas mpya 83 kutoka kiwanda chake yenyewe, lakini injini ya kwanza kati ya 99 zilizoagizwa Marekani kwa ajili yake ilifika Machi 2025. Miili ya ndege ilikuwa tayari, ikisubiri moyo kutoka ng'ambo.

Je, Kaveri ilikuwa hasara tupu? Mimi naona hapana. Waliojifunza kuyeyusha, kusubu na kupima walibaki India. Kutokana na kazi yao ilijaribiwa injini ya meli, na injini nyingine ya jamii hiyo imeendelea kufanyiwa kazi kwa ajili ya ndege zisizo na rubani. Hapa ndipo ulipo mzani wa kweli. Mradi usipimwe kwa kuuliza kama umetoa kile kilichotangazwa tu. Upimwe pia kwa kuuliza: baada ya fedha kwisha, elimu imebaki mikononi mwa nani?

Kwa mzani huohuo tutazame kwetu. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi wa Kenya aliwataka wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari. Februari 1990 magari ya Nyayo yalizinduliwa, matano ya majaribio, na injini ikiwa imesubiwa nchini. Gari likakimbia, watu wakapiga makofi, kisha fedha ya kiwanda ikakosekana na gari halikuuzwa. Watu hulicheka hadi leo. Wanasahau kwamba kutokana na jitihada hiyo Kenya ilibaki na karakana ya kuchonga vipuri, Numerical Machining Complex. Kwetu Tanzania, Nyumbu pale Kibaha ilitoa lori lenye jina hilo, na pale Moshi kilijengwa, kwa msaada wa Bulgaria, kiwanda cha mashine za kutengenezea mashine. Tuliyaanzisha haya tukiwa maskini kuliko leo. Kilichotushinda si akili bali subira ya kuyalea pale sherehe za ufunguzi zilipokwisha.

Mimi ni mwalimu wa elimu ya dini, si mhandisi. Lakini jambo hili lina mlango katika fiqhi. Wanachuoni wamezungumzia faradhi kifaya, wajibu ambao wakiutekeleza baadhi ya watu wengine husamehewa, na wakiuacha wote, wote hupata dhambi. Wengi wetu tukiisikia hufikiri swala ya jeneza tu. Imamu Ghazali katika Ihya aliingiza humo utabibu, hesabu, kilimo na ufumaji, na akawalaumu watu wa zama zake waliojazana katika mabishano ya fiqhi huku mji mzima ukikosa tabibu Mwislamu. Na Qur'ani inatueleza kwamba Nabii Daud alilainishiwa chuma na akaamrishwa kutengeneza deraya na kupima sawasawa pete zake. Angalia, hakuamrishwa kufua chuma tu, aliamrishwa na vipimo. Fundi yeyote wa injini atakwambia kwamba kazi yake yote iko katika neno hilo.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba faradhi ipo, ila si ya kuwa na injini yenye bendera yetu ubavuni. Faradhi ni kuwa na watu wanaojua. Tena faradhi ina daraja zake. Asiyejua kutawadha haanzii na mirathi. Kwetu daraja la kwanza ni kuitengeneza vizuri injini iliyoharibika, la pili ni kutoa kipuri kinachoaminika, la tatu ni kuunda injini ndogo nzima, na huko mbele ndiko iliko ndege. Karakana ya ndege ya KIMAFA pale Uwanja wa Kilimanjaro na mafunzo ya ufundi wa ndege katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji ni mwanzo wa daraja la kwanza. Tusiudharau, na tusiuache ukafa kama yale mengine.

Anayesema dawa za zahanati kwanza yuko sahihi kuhusu fedha, kwani serikali inayowanyima wagonjwa dawa ili ipate ndege ya kuonyesha kwenye gwaride imedhulumu. Lakini mashine ya maabara ikiharibika katika zahanati hiyohiyo, nani ataitengeneza? Elimu inayoponya injini ndiyo hiyo inayoponya pampu ya kisima, mashine ya kusaga na zile mashine za kupulizia salfa ambazo kila msimu wakulima wetu wa korosho hupoteza siku za thamani wakisubiri kipuri kutoka Dar es Salaam. Anayeifuta elimu hiyo kwa jina la maskini, maskini ndiye wa kwanza kuumia.

Basi tuanze na lililo mikononi mwetu sisi wazazi na walimu. Kijana anayefungua injini ya pikipiki chini ya mwembe na kuirudisha ikawaka tunamwita aliyeshindwa masomo. Tunamsifu aliyepata kiti ofisini, tunamwonea huruma mwenye mikono yenye grisi. Jamii inayowatazama hivyo watu wake wa faradhi kifaya isishangae ndege zake zikisimama. Kijana huyo afundishwe hesabu, afundishwe kupima, apewe vyeti na mtaji, na madrasa imwambie waziwazi kwamba kazi yake, akinuia vyema na kuifanya kwa uaminifu, ni ibada.

Wallahu aalam.