KIJANA, UNATAFUTA NINI?

Kijana mwenzangu, kama hujaokoka usiitupe karatasi hii. Isome kwanza, uitupe baadaye.

Juzi baada ya mkutano kijana mmoja alinifuata nyuma ya jukwaa. Akaniambia, "Mtumishi, nimeangalia filamu ya mwalimu mmoja wa Kihindu, anaitwa Yogananda. Yule mtu ana amani. Ninyi mna makelele tu. Hebu nieleze." Nilikosa jibu. Mimi ni wa darasa la saba na kozi ya Biblia, basi. Nikamwambia nipe siku mbili, nikaenda kuitafuta hiyo filamu.

Inaitwa Awake, ni ya mwaka 2014. Na ukweli usemwe, ilinigusa. Alizaliwa Gorakhpur, India, mwaka 1893, wakamwita Mukunda. Mama yake akafariki yeye angali mtoto. Akawa anatoroka nyumbani kwenda milima ya Himalaya, anamtafuta Mungu! Ukubwani akapanda meli, akafika Boston, Marekani, mwaka 1920, kuhutubia mkutano wa dini. Akabaki huko akifundisha yoga, na mwaka 1925 akaweka makao Los Angeles. Kitabu cha maisha yake kilitoka 1946. Steve Jobs, yule tajiri wa kompyuta za Apple, alipofariki mwaka 2011, watu waliokuja kumkumbuka waligawiwa kitabu hicho. Tajiri yule, hela zote zile, na bado moyo unatafuta!

Wapo watakaokuambia Wahindu ni watu wabaya. Mimi sisemi hivyo. Yogananda alikuwa akiketi kimya masaa akimtafuta Mungu. Wewe mwenye kadi ya ubatizo kabatini, mara ya mwisho umepiga magoti lini?

Lakini sikia. Yeye alifundisha kwamba Mungu yumo ndani yako tayari, na kwa kutuliza pumzi na mawazo utapanda mpaka uungane naye. Yesu alimheshimu sana, hata picha yake iliwekwa madhabahuni, pamoja na ya Krishna na waalimu wake. Hapo ndipo tunapoachana. Yesu amewekwa kama mwalimu mmoja kati ya waalimu.

Mimi sikuwa na shida ya mwalimu. Kabla sijaokoka niliuza mbuzi wa mama yangu, wa pekee, nikanywea pombe. Alipouliza nikasema kaibiwa, na jirani akasingiziwa. Mama akafa kabla sijamwambia. Sasa niambie, ningevuta pumzi ya namna gani? Ningetulia, sawa. Hata maji yenye tope chini hutulia. Lakini yule mbuzi? Yule jirani? Nilihitaji mtu wa kubeba kosa lile, siyo wa kunionyesha namna ya kukaa nalo kwa utulivu. Yesu alilibeba msalabani. Nilipoamini nililia usiku kucha, asubuhi nikaenda kwa jirani nikampa mbuzi wawili. Amani niliyoipata siku ile mpaka leo ninayo.

Yogananda alifariki Los Angeles mwaka 1952, kwenye karamu, na kaburi lake lipo California, watu wanalitembelea. La Yesu ni tupu. Soma Yohana sura ya 20, halafu rudi sura ya 3 umwone Nikodemo, mwalimu mzima, anakuja usiku kuuliza kama yule kijana wangu.

Yeye nilimweleza haya yote. Hajaokoka bado. Kila jioni anakuja, anakaa nyuma kabisa karibu na jenereta, ananiangalia. Namwombea.

Na wewe je, una mbuzi gani uliyemficha? Kama unataka kumpokea Yesu, sema sasa hivi, hata kama uko kwenye daladala: "Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimekosa. Nisamehe, unioshe kwa damu yako, uingie moyoni mwangu. Amina."

Jioni njoo mkutanoni. Niko upande wa kulia wa jukwaa, njoo tuongee.